Uwakilishi, Usawiri na Sitiari ya Sauti: Uhakiki wa Uongozi wa Vijana Viziwi katika Vuguvugu la Gallaudet la 1988 na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna uongozi wa vijana Viziwi unavyowakilishwa na kusawiriwa katika vuguvugu la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Marekani, la Machi 1988. Inachukulia madai manne ya wanafunzi hao kuwa matini, na kuyasoma kwa kuzingatia tofauti ambayo Kiswahili kinaionyesha wazi kati ya uwakilishi na usawiri. Hoja kuu ni kwamba usemi wa kuwawezesha vijana umejengwa juu ya sitiari ya sauti, na kwamba sitiari hiyo humweka kijana Kiziwi nje ya uongozi hata pale inapodai kumwingiza. Makala inaonyesha jinsi vijana wa Gallaudet walivyoipindua sitiari hiyo, inabainisha mipaka ya ushindi wao, na kuhitimisha kwamba katika Afrika Mashariki swali la uongozi wa vijana Viziwi haliwezi kutenganishwa na swali la nani anawatuma wawakilishi wao na lini mtoto Kiziwi anaipata lugha.

1.0 Utangulizi

Katika nyaraka nyingi za maendeleo ya vijana hukutwa kauli moja inayorudiwa bila kuhojiwa: kuwapa vijana sauti. Kauli hiyo inapohamishiwa kwa vijana Viziwi hurefushwa kidogo, ikawa kuwa sauti ya wasio na sauti. Mwandishi wake huwa na nia njema. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuuliza: ikiwa kijana huyu ana lugha kamili anayoitumia kwa mikono, uso na mwili, ni kitu gani hasa anachopungukiwa hadi apewe sauti? Na anayempa ni nani?

Neno Kiziwi katika makala hii limeandikwa kwa herufi kubwa kila linaporejelea jamii ya watu wanaotumia lugha ya alama na kujitambulisha kwayo. Huo ndio mwelekeo wa wataalamu wa taaluma ya Viziwi, mathalani Ladd (2003), wanaouona uziwi kuwa utambulisho wa kilugha na kiutamaduni kabla ya kuwa hali ya kitabibu. Tanzania hutumia zaidi istilahi lugha ya alama, ilhali Kenya hutumia lugha ya ishara. Makala inatumia lugha ya alama isipokuwa inaporejelea Kenya.

Vuguvugu la Gallaudet limechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, lilianzishwa na vijana Viziwi, likaongozwa nao na kumalizwa nao ndani ya juma moja. Pili, lilitoa madai machache yaliyoandikwa kwa usahihi, na hivyo yanaweza kusomwa kama matini. Tatu, lina uhusiano wa kweli na bara la Afrika. Andrew Foster, mhitimu wa kwanza mweusi wa Gallaudet (1954), alianzisha shule ya Viziwi mjini Accra mwaka 1957, kisha shule nyingine zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za Afrika, akiwaandaa Viziwi wawe walimu wa Viziwi. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi Desemba 1987, miezi mitatu tu kabla ya vuguvugu hilo.

2.0 Msingi wa nadharia: uwakilishi si usawiri

Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1988, ambao kwa sadfa ndio mwaka wa vuguvugu la Gallaudet, Gayatri Spivak alirejelea maneno mawili ya Kijerumani aliyoyakuta kwa Marx: Vertretung, yaani kusimama mahali pa mtu katika siasa, na Darstellung, yaani kumchora mtu katika sanaa au falsafa. Spivak alionya kwamba dhana hizi mbili zikichanganywa, msomi huweza kudhani kwamba kwa kuwa amewaeleza wanyonge vizuri, basi amewasemea.

Kiswahili hakina haja ya kuazima tofauti hiyo, kwa maana kinayo. Uwakilishi unatokana na wakili, na wakili hana mamlaka yake mwenyewe. Mamlaka yake ni yale aliyopewa na mteja, na mteja anaweza kuyatwaa. Mtu anayejiita wakili bila kutumwa na yeyote ni mlaghai, hata kama anasema mambo ya kweli. Usawiri kwa upande wake unahusiana na sura na taswira. Msawiri hahitaji kutumwa, bali anahitaji kuona vizuri. Anaweza kumsawiri mtu asiyemjua, na hukumu juu yake ni ya ukweli na ubora wa picha.

Kutokana na tofauti hii tunapata maswali mawili ya kuongoza uhakiki. Kuhusu uwakilishi tunauliza: nani amemtuma, na nani anaweza kumwondoa? Kuhusu usawiri tunauliza: picha imechorwa kutoka upande gani, na inamwonyesha nani akitenda? Kasoro kubwa ya programu nyingi za uwezeshaji ni kujibu swali la pili na kudhani zimejibu la kwanza. Picha ya kijana Kiziwi akitabasamu kwenye jalada la ripoti ni usawiri. Haithibitishi kwamba kijana yeyote Kiziwi alipiga kura juu ya yaliyomo ndani ya ripoti hiyo.

3.0 Sauti, usikivu na ujana katika Kiswahili

Kabla ya kuingia Washington, inafaa tuikague nyumba yetu wenyewe. Katika Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio tu. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, na mtoto asiyesikia ni mtundu. Methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu humfunga kijana kwa mkuu kwa kamba ya sikio, na ile ya sikio la kufa halisikii dawa hufanya kutosikia kuwe dalili ya maangamizi. Methali hizi hazikutungwa dhidi ya Viziwi. Hata hivyo, zinaunda ulimwengu wa maana ambamo malezi, adabu na hekima vyote hupitia sikioni.

Upande wa uongozi hali ni hiyohiyo. Kiongozi ni msemaji, ana kauli, neno lake linasikika. Mtu aliyedharauliwa hana sauti. Hata neno kaulimbiu, ambalo kila harakati hulihitaji, limebeba kauli ndani yake. Kwa hiyo kijana Kiziwi amefungiwa milango miwili kwa mpigo. Kama kijana, hawezi kuwa msikivu. Kama mtu anayetaka kuongoza, hawezi kuwa na sauti. Lugha imemhukumu kabla hajafika kikaoni.

Kuna pia suala la majina. Bubu ni jina ambalo jamii za Viziwi zimelikataa, kwani linadai kwamba asiyesikia hana lugha. Taasisi ya kwanza ya elimu ya Viziwi nchini Tanzania, iliyoanzishwa Tabora mwaka 1963, ilikuwa na neno la maana hiyo katika jina lake la Kiingereza. Kiziwi nalo limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kipofu, kilema na kiwete, na wapo wanaoona kwamba kiambishi hicho kinamshusha mtu hadhi. Lakini Viziwi wenyewe, kama jina la Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) linavyoonyesha, hawakulikimbia neno hilo. Wamelichukua na kulifanya bendera. Aidha, sarufi yenyewe inawaunga mkono: husemwa Viziwi wamefika, si Viziwi vimefika. Upatanisho wa kisarufi unamtambua mtu pale ambapo kiambishi cha ngeli kinaelekea kumsahau.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni maneno tu, na kwamba sauti katika matumizi haya ni sitiari iliyokufa. Jibu ni kwamba sitiari iliyokufa ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu hakuna anayeiona. Ukumbi unapoandaliwa kwa vipaza sauti vinne bila mkalimani hata mmoja, si kwamba mwandaaji anawachukia Viziwi. Ni kwamba ndani ya lugha anayofikiria kwayo, kushiriki maana yake ni kusikika.

4.0 Madai manne kama matini

4.1 Muktadha

Gallaudet ilifungua milango yake kama chuo mwaka 1864. Kwa miaka 124 marais wake wote sita walikuwa watu wanaosikia. Mwanzoni mwa mwaka 1988 walibaki wagombea watatu wa nafasi ya rais wa saba: Harvey Corson na I. King Jordan, wote Viziwi, na Elisabeth Zinser, mtawala wa chuo kikuu aliyekuwa akisikia na asiyejua lugha ya alama. Tarehe 1 Machi ulifanyika mkutano mkubwa wa kuhimiza uteuzi wa rais Kiziwi, ulioandaliwa kwa msukumo wa kundi la wahitimu vijana. Jumapili ya tarehe 6 Machi bodi ilitangaza kwamba imemteua Zinser. Asubuhi iliyofuata wanafunzi walikuwa wamefunga malango ya chuo, mengine kwa mabasi yaliyotolewa upepo matairi.

Viongozi wanne wa wanafunzi walijulikana kwa haraka: Bridgetta Bourne, Jerry Covell, Greg Hlibok na Tim Rarus. Hlibok alikuwa amechaguliwa karibuni kuwa rais wa serikali ya wanafunzi, akimrithi Rarus. Jambo hili lina uzito katika uhakiki wetu: aliyesimama mbele alikuwa wakili kwa maana kamili, aliyetumwa kwa kura na wenzake kabla mgogoro haujaanza.

4.2 Usomaji wa madai

Madai yalikuwa manne: Zinser ajiuzulu na rais Kiziwi ateuliwe, Jane Spilman, mwenyekiti wa bodi, ajiuzulu, Viziwi wawe asilimia 51 ya wajumbe wa bodi, na pasiwe na adhabu wala kisasi kwa yeyote aliyeshiriki.

Dai la kwanza ndilo lililozaa kaulimbiu na ndilo linalokumbukwa. Kwa mizani yetu, hilo ni dai la usawiri kwa kiasi kikubwa. Rais ni sura ya chuo. Mtoto Kiziwi anapoona Kiziwi amekalia kiti hicho, picha yake ya mambo yanayowezekana inabadilika. Hilo si jambo dogo, lakini peke yake lisingetosha. Bodi ileile ingeweza kumteua Kiziwi na kumwamuru.

Dai la tatu ndilo moyo wa matini hii. Wakati huo bodi ilikuwa na wajumbe 21, na Viziwi miongoni mwao walikuwa wanne. Vijana wale hawakuomba nafasi zaidi, hawakuomba kushauriwa, wala hawakuomba kiti cha mwanafunzi. Walidai asilimia 51. Tarakimu hiyo ni kavu na haina ushairi wowote, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Asilimia 49 ingekuwa ushirikishwaji, ila asilimia 51 ni mamlaka. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walielewa jambo ambalo nyaraka nyingi za uwezeshaji hulikwepa, kwamba uwakilishi usioweza kushinda kura ni mapambo.

Dai la nne hupuuzwa na wachambuzi wengi, ingawa ndilo linaloonyesha ukomavu wa uongozi huo. Kijana anayeongoza ana hofu ambayo mkuu hana: anaweza kufukuzwa, akanyimwa cheti, akarudishwa nyumbani. Kwa kuliweka dai hili katika orodha moja na yale makubwa, viongozi walijifunga kwa wenzao wasio na majina. Walikataa ushindi ambao ungelipiwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesimama langoni usiku.

4.3 Kupinduliwa kwa sauti

Tukio moja la tarehe 7 Machi linastahili kusomwa kwa makini. Spilman alifika katika ukumbi wa michezo kueleza uamuzi wa bodi. Kabla hajaanza, mwalimu mmoja Kiziwi alipanda jukwaani na kuwaambia wanafunzi kwa lugha ya alama kwamba madai yao yote yamekataliwa, akawahimiza watoke. Ving'ora vya moto vikalia. Spilman alipolalamika kwamba hawezi kuzungumza katika kelele ile, wanafunzi walimjibu kwamba basi atumie ishara.

Katika tukio hili sitiari ya sauti inageuzwa juu chini. Kelele, ambayo ni sauti iliyozidi, inakuwa ulemavu wa anayesikia. Lugha ya alama inabaki kuwa njia pekee ya mawasiliano iliyo wazi ukumbini, na mwenyekiti wa taasisi ya Viziwi hana lugha hiyo. Kwa dakika chache swali la nani hana sauti lilijibiwa bila hotuba. Wanafunzi walionyesha kwamba upungufu hauko katika mwili wa mtu, bali uko katika uhusiano kati ya mtu na ukumbi aliomo.

Siku mbili baadaye Hlibok alionekana katika kipindi cha taifa cha televisheni pamoja na mwigizaji Kiziwi Marlee Matlin, na Zinser akihojiwa kutoka mahali pengine. Mamilioni waliokuwa wakisikia walimsikia Hlibok kupitia mkalimani. Mkalimani ni wakili wa ajabu: husema mimi, na mimi huyo si yeye. Anapoifanya kazi yake vizuri hupotea, na anayebaki ni aliyemtuma. Hapo kuna kielelezo cha uwakilishi halali. Sauti ilikuwa ya kuazima, lakini neno lilikuwa la Hlibok, na kila aliyetazama alijua hivyo.

4.4 Mkuu aliyefuata la wadogo

Jumatano hiyohiyo Jordan, ambaye naye alikuwa mgombea, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari kumuunga mkono Zinser. Kesho yake alibatilisha kauli hiyo na kuungana na wanafunzi. Zinser alijiuzulu jioni ya Alhamisi, tarehe 10 Machi. Hata hivyo wanafunzi hawakutawanyika, kwani lilikuwa limetimizwa nusu ya dai moja tu kati ya manne. Ijumaa waliandamana hadi jengo la Bunge la Marekani. Jumapili ya tarehe 13 Machi Spilman alijiuzulu, Philip Bravin, ambaye ni Kiziwi, akachukua uenyekiti, Jordan akatangazwa rais, na ikakubaliwa kwamba hapatakuwa na kisasi na kwamba njia ya kuifikia asilimia 51 itaandaliwa.

Mfuatano huu unaipindua methali tuliyoitaja. Hapa mkuu ndiye aliyesikia la wadogo, na guu lake likanusurika. Jordan hakuwa mwoga kupita wengine. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi na cheo, aliyezoea kufikiri ndani ya mipaka ya kinachowezekana. Vijana walikuwa na uhuru wa kutojua mipaka hiyo. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kutetea uongozi unaotoka kwa vijana wenyewe, badala ya uongozi unaotayarishwa kwa ajili yao.

5.0 Usawiri wa vuguvugu: kutoka kitabu hadi filamu

Mwaka 1989 Jack Gannon, mwandishi Kiziwi, alitoa kitabu cha picha na masimulizi ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa wiki ambayo ulimwengu uliisikia Gallaudet. Ni jina lenye kejeli tamu: Kiziwi anausimulia ushindi wa Viziwi kwa kitenzi kusikia. Lakini mtendaji wa kitenzi hicho ni ulimwengu. Viziwi hawakupewa uwezo wa kusikia. Ni ulimwengu uliotibiwa uziwi wake. Gannon hakuikimbia sitiari, aliipa kazi mpya. Christiansen na Barnartt (1995) nao walisimulia vuguvugu hilo kwa jicho la sosholojia, wakionyesha kwamba nyuma ya juma moja kulikuwa na maandalizi na mitandao ya wahitimu, walimu na wanafunzi. Kazi yao inatuokoa na usawiri wa kimuujiza unaodhani kwamba vijana huamka siku moja wakiwa viongozi.

Filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Nyle DiMarco na Davis Guggenheim na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2025 imerudi kwa viongozi wanne wakiwa watu wazima. DiMarco ni Kiziwi na mhitimu wa Gallaudet. Katika filamu hiyo wahusika wanatumia lugha ya alama mbele ya kamera, na watazamaji wanaosikia wanafuatilia kwa sauti za waigizaji. Mara kwa mara sauti inapungua au kutoweka kabisa, na mtazamaji anayesikia anaachwa atumie macho. Mbinu hii inajibu swali letu la pili la nadharia, yaani picha imechorwa kutoka upande gani. Jambo la kuthaminiwa zaidi ni kwamba filamu haiwafanyi wanne hao kuwa malaika. Inaonyesha tofauti ya hulka kati ya Covell, aliyewasha umati, na Hlibok, aliyepima maneno. Usawiri unaokubali mashindano na wivu kati ya vijana Viziwi ni usawiri unaowachukulia kuwa watu wazima wa kisiasa. Picha ya shujaa asiye na doa hutolewa kwa wale ambao hatutarajii kubishana nao.

Udhaifu uliopo katika usawiri wa vuguvugu hili kwa ujumla ni kwamba juma moja limekuwa hadithi iliyokamilika. Historia ya baadaye haikubali ukamilifu huo.

6.0 Mipaka ya ushindi

Mpaka wa kwanza unahusu lugha. Viongozi wote wanne walizaliwa na wazazi Viziwi. Hiyo si hali ya kawaida, kwa kuwa idadi kubwa ya watoto Viziwi huzaliwa katika familia zinazosikia. Wanne hao walikuwa wameipata lugha ya alama tangu utotoni, kama mtoto yeyote anavyopata lugha ya mama. Walikuwa wamebishana mezani, wameonywa, wamesimuliwa hadithi na kutaniwa katika lugha waliyoielewa yote. Walipofika chuoni hawakuhitaji kufundishwa kujiamini. Hili halipunguzi ushujaa wao, ila linaeleza chanzo chake. Semina ya siku tatu haiwezi kumrudishia kijana miaka kumi ya kwanza aliyoishi bila lugha.

Mpaka wa pili unahusu sura ya uongozi. Viongozi wanne wote walikuwa weupe, na mmoja tu alikuwa mwanamke. Vuguvugu lilibeba katika maandamano yake bango la harakati za haki za Wamarekani weusi, lakini Viziwi weusi hawakuwa mstari wa mbele wa picha. Uwakilishi wa kundi moja hauondoi matabaka yaliyomo ndani ya kundi hilo.

Mpaka wa tatu ulionekana mwaka 2006. Bodi ilimteua Jane Fernandes kumrithi Jordan. Fernandes ni Kiziwi, lakini wanafunzi na walimu wengi walimpinga, wakilalamikia utaratibu wa uteuzi, kukosekana kwa mgombea mweusi katika hatua ya mwisho, na mtindo wake wa uongozi. Mwezi Oktoba wanafunzi walifunga malango tena. Tarehe 13 Oktoba zaidi ya 130 kati yao walikamatwa na polisi, kwa uamuzi wa uongozi wa Jordan yuleyule aliyeingia madarakani kwa malango yaliyofungwa. Kabla ya mwezi kuisha bodi ilibatilisha uteuzi huo.

Tukiyasoma matukio ya 1988 na 2006 pamoja, tunapata funzo ambalo tukio moja peke yake lisingetoa. Mwaka 1988 swali lilikuwa kama Kiziwi anaweza kuongoza. Mwaka 2006 swali lilikuwa Kiziwi yupi, na kwa idhini ya nani. La kwanza ni swali la usawiri, na la pili ni la uwakilishi. Jamii inayotosheka na la kwanza itashangaa vijana wake wanapouliza la pili.

7.0 Afrika Mashariki: nani anamtuma?

Nchi za Afrika Mashariki zina msingi wa kisheria usio wa kubezwa. Kenya, Uganda na Tanzania zote ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kati ya mwaka 2008 na 2009. Mkataba huo, katika ibara ya 4(3), unazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu kupitia mashirika yanayowawakilisha, watoto wakiwemo, na katika ibara ya 30(4) unatambua utamaduni wa Viziwi na lugha za alama. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama mapema. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010.

Tukipima kwa mizani ya Gallaudet, tofauti kati ya Uganda na Kenya inafundisha mengi. Uganda imetenga viti vya wabunge wa watu wenye ulemavu na vya vijana, na wabunge hao huchaguliwa kupitia wapigakura maalumu wa makundi yenyewe. Ni kwa njia hiyo Alex Ndeezi, Kiziwi, aliingia bungeni mwaka 1996. Kenya nayo imetenga viti vya makundi maalumu katika ibara za 97 na 98, lakini ibara ya 90 inaviweka mikononi mwa orodha za vyama vya siasa. Mbunge wa namna hii anaweza kuwa hodari na mwaminifu, ila aliyemtuma ni chama. Kwa maana ya wakili tuliyoieleza, mteja wake si Viziwi. Lugha ya ishara inaweza kuwa rasmi bungeni na bado kusiwe na Kiziwi aliyetumwa na Viziwi kuitumia humo.

Njia ya Uganda nayo ina pengo lake, na pengo hilo limo pia Kenya: vijana na watu wenye ulemavu wamewekwa katika mafungu mawili. Kijana Kiziwi anaangukia katikati. Kwenye fungu la vijana yeye ni mlemavu anayehitaji mkalimani, na gharama ya mkalimani haimo kwenye bajeti. Kwenye fungu la watu wenye ulemavu yeye ni mdogo, na wakubwa wapo. Kila upande una sababu nzuri ya kumwambia asubiri. Shirikisho la Viziwi Duniani, lililoanzishwa Roma mwaka 1951, liliona haja ya kuwa na kitengo cha vijana ndani yake. Vyama vya Viziwi katika nchi zetu havina budi kujiuliza swali hilohilo bila kusubiri mfadhili awaulize: je, kitengo cha vijana kina kura katika kamati kuu, au kina fulana tu?

Swali la lugha ni zito zaidi. Ikiwa uongozi wa wanne wa Gallaudet ulianzia katika nyumba zenye lugha ya alama, basi kwa mtoto Kiziwi wa kijijini, ambaye hukutana na lugha hiyo mara ya kwanza anapofikishwa shule ya bweni akiwa na miaka minane au tisa, uongozi umeanza kunyimwa mapema sana. Hapa urithi wa Foster una thamani kubwa kuliko urithi wa malango yaliyofungwa. Mwalimu Kiziwi mbele ya darasa la watoto Viziwi ni usawiri na uwakilishi kwa pamoja: watoto wanaona sura ya mtu mzima wanayeweza kuwa, na wanaipata lugha watakayomhojia kesho.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba vijana wa Gallaudet walifaulu kwa sababu walitofautisha, kwa vitendo ikiwa si kwa istilahi, kati ya kuonekana na kuamua. Rais Kiziwi aliwapa sura, na asilimia 51 iliwapa mamlaka. Imeonyesha pia kwamba ushindi huo ulikuwa na mipaka ya rangi, jinsia na bahati ya kuzaliwa ndani ya lugha, na kwamba viongozi waliotokana nao hawakuwa salama dhidi ya kuwageuka vijana wa baadaye.

Kwa watafiti wa Kiswahili kuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya kiistilahi: usemi wa kuwapa Viziwi sauti uachwe katika nyaraka za Kiswahili, na mahali pake tuandike kile tunachokusudia hasa, iwe ni kura, kiti, bajeti, mkalimani au mwalimu. Maneno hayo hayapendezi kama sauti, lakini yanaweza kuhesabiwa, na kinachohesabika kinaweza kudaiwa. Kazi ya pili ni ya kiutafiti: masimulizi ya uongozi wa Viziwi wa Afrika Mashariki yakusanywe katika lugha za alama za eneo hili, na watafiti vijana Viziwi wawe waandishi wake badala ya kuwa watoa taarifa. Hadi hapo uhakiki wa aina hii, ulioandikwa na kusomwa na wanaosikia kwa sehemu kubwa, utabaki kuwa usawiri tu. Hauna budi kulijua hilo na kutojiita wakili.